Kusimama Mstari Kwenye Ukaguzi wa Ndege: Valizi Haishiki Nafasi



Mwezi huu hatutasema juu ya kofia, buti wala vumbi la mawe. Tutasema juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu anafikiri analijua tangu utoto: kusimama mstari, ao mulongo kama tunavyosema hapa Bukavu. Na mstari wenyewe ni ule wa ukaguzi kwenye kiwanja cha ndege.

Mtu atauliza: "Mambo ya ndege yanaingiaje kwenye ukurasa wa usalama na afya ya wachimbaji?" Yanaingia. Wafanyakazi wetu hupanda ndege wanapokwenda likizo, wanapotumwa kwenye mafunzo, ao wanapomsindikiza mgonjwa kwenye hospitali kubwa. Na mchimbaji hubeba mfukoni vitu ambavyo msafiri mwingine habebi. Tena, mimi ninayeandika nimekwisha kufanya kosa katika mstari huo, na aliyeumia si mimi bali mgonjwa wangu. Nitawaeleza.

1. BIDONI ZA NYAWERA

Pita Nyawera asubuhi mapema, siku ambayo maji ni haba. Utaona bidoni zimepangwa mbele ya bomba, moja nyuma ya nyingine. Wenyewe hawapo wote. Mmoja amerudi nyumbani kuwasha makaa, mwingine amekimbia sokoni kununua sombe. Lakini bidoni zao zipo, na kila mtu anajua: hii ni ya mama fulani, ile ni ya mtoto wa jirani. Atakayesogeza bidoni ya mwenzake atasikia maneno!

Mstari ule hauna askari, lakini una sheria. Ya kwanza: aliyetangulia huteka kwanza. Ya pili: mzee, mgonjwa na mama mwenye mimba hupishwa, mradi aombe ao aombewe kwa adabu. Ya tatu: bidoni hushika nafasi ya mwenyewe.

Ndugu msomaji, sheria mbili za kwanza nenda nazo mpaka kiwanja cha ndege, zitakusaidia sana. Ya tatu iache Nyawera. Kwenye kiwanja cha ndege valizi haishiki nafasi ya mtu. Valizi iliyosimama peke yake, mwenyewe amekwenda kununua mandazi, walinzi huiangalia kama bomu. Wanaweza kuwafukuza watu wote mahali pale na kusimamisha kazi mpaka ijulikane ina nini. Ukitaka kutoka mstarini, toka na mzigo wako. Ukirudi, simama nyuma, ao omba jirani akurudishe. Hilo ndilo la kwanza kulishika.

2. KOSA LANGU

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza mke wa mfanyakazi mmoja. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na macho yalikuwa yameanza kupungua nguvu. Tulikuwa tunakwenda mji mwingine apimwe macho. Dawa yake ya insulini ilikuwa ndani ya sakoshi ndogo nyeusi yenye barafu, na nilikuwa nimeibeba mimi.

Tulifika kiwanjani tumechelewa. Mstari ulikuwa mrefu. Nikasema moyoni: mimi ni mtu wa afya, niko na mgonjwa, nina haki ya kupita. Sikuomba mtu. Nilimshika mama mkono, nikapita katikati ya watu nikisema kwa sauti: "Mgonjwa! Mgonjwa!" Nyuma yangu watu wakakasirika. Wengine nao wakasukuma, kila mmoja akitaka kupita kabla ya mwenzake. Wanne ao watano waliweka mizigo yao mara moja juu ya mkanda wa mashine. Mzee mmoja aliniambia hivi: "Mtoto wangu, ungetuomba tungekupisha. Kwa nini unatusukuma?" Sikumjibu.

Tulipita. Upande wa pili mizigo ilikuwa imerundikana, watu wakivuta hiki na kile. Nilichukua sakoshi nyeusi, tukakimbia. Tulipokuwa angani, saa ya sindano ilipofika, nilifungua sakoshi. Ndani mlikuwa na viatu vya mtoto na kitambaa. Sakoshi yetu ilikuwa imekwenda na msafiri wa ndege nyingine.

Tulifika usiku. Duka la kwanza la dawa lilikuwa limefungwa, la pili halikuwa na aina yake ya insulini. Kesho yake mchana ndipo tulipoipata. Kufikia saa hiyo mama alikuwa anatapika, amekauka mdomo, anapumua haraka, na pumzi yake ina harufu kama ya tunda lililoiva sana. Mwenye kujua ugonjwa wa sukari anajua maana ya dalili hizo: mwili umekosa insulini na damu inageuka asidi. Ni njia ya kifo. Alilala hospitali na maji ya mshipani, akapona. Namshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile sijasukuma mtu tena, na neno la yule mzee ninalifundisha popote ninapokwenda: ungetuomba, tungekupisha.

3. KWA NINI TUNAKAGULIWA?

Wako wanaofikiri ukaguzi ni kusumbua watu tu. Tuangalie ulivyoanza.

Zamani mtu alipanda ndege kama anavyopanda gari. Kisha, miaka ya 1960 na 1970, watu wenye silaha walianza kuteka ndege nyingi. Mwaka 1974 shirika la mataifa la usafiri wa anga, ICAO, lilitoa kanuni za kuzilinda ndege za abiria. Kanuni peke yake hazitoshi ikiwa watu hawakaguliwi vizuri. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilisimama Athens kuchukua abiria. Kati ya abiria wapya walikuwamo watu wanne wenye bunduki na mabomu ya mkono ndani ya mizigo. Waliiteka ndege ile, na mwisho ikatua karibu nasi hapa, Entebbe, Uganda. Watu walishikwa huko mpaka usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, askari wa Israeli walipokuja kuwatoa kwa nguvu. Wengi waliokoka, lakini wapo waliokufa.

Mwaka 2006 polisi wa Uingereza walizuia mpango wa kulipua ndege kwa baruti ya maji iliyofichwa ndani ya chupa za vinywaji. Ndiyo sababu viwanja vingi vilianza kukataza chupa ya maji, mafuta ao dawa ya meno inayozidi mililita 100 ndani ya mzigo wa mkono.

Sasa tuje nyumbani. Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ndogo aina ya Let L-410 ilianguka Bandundu, hapa nchini mwetu, ilipokuwa karibu kutua. Watu 21 walikuwa ndani, 20 walikufa. Yule mmoja aliyepona alieleza kwamba msafiri alikuwa amemficha mamba mdogo ndani ya mfuko. Mamba akatoka. Watu wakaogopa, wakakimbilia mbele wote pamoja, na ndege ikapoteza usawa. Fikiri, ndugu msomaji! Hapakuwa na bunduki wala bomu. Palikuwa na mfuko ambao haukuonekana ulikuwa na nini, na watu waliosukumana. Mambo mawili hayo ndiyo mstari wa ukaguzi unayazuia: kitu kilichofichwa, na fujo.

4. MSTARI HUU NI NDUGU WA MSTARI WA LAMPISTERI

Mchimbaji hahitaji kufundishwa sana. Kabla ya kushuka shimoni tunasimama mbele ya lampisteri. Kila mmoja anachukua taa yake na kuacha jetoni yake ubaoni. Mbona hatupiti kumi kwa mara moja? Kwa sababu jetoni moja ikikosekana jioni, tunajua mtu mmoja amebaki chini na tunakwenda kumtafuta. Watu wakipita kwa fujo hesabu inaharibika, na hesabu ikiharibika mtu anakufa gizani.

Ukaguzi wa ndege ni hivyo hivyo. Yule mlinzi anayeangalia picha za mizigo kwenye mashine ana macho mawili tu. Anahitaji kuona mzigo mmoja, kisha mwingine. Anahitaji kujua mzigo huu ni wa mtu yupi. Mkimsukumia mizigo mitano pamoja, ataruhusu bila kuona vizuri, ao atasimamisha yote na kuanza upya. Kwa hiyo anayesukuma hafiki mapema. Anawachelewesha wote, na yeye mwenyewe akiwamo.

5. NAMNA YA KUSIMAMA

Kwanza, anzia nyumbani. Fika mapema, saa mbili ao tatu kabla ya ndege kuruka. Msukumo mwingi mstarini hutokana na watu waliochelewa. Funga mzigo wako mwenyewe. Usikubali kubeba mfuko wa mtu usiyemjua, hata akikuita kaka na kukuapia kwamba ni unga wa muhogo tu.

Pili, ujue njia yako. Kwa miaka mingi jamaa za Bukavu walipanda ndege Kavumu, kama kilomita 30 kaskazini ya mji. Vita vilipofika Kavumu tarehe 14 Februari 2025, wasafiri wengi waligeuza njia, wakavuka mto Rusizi na kwenda kupanda Kamembe ao Kigali. Njia ile ina mistari zaidi: mpakani kwanza, kisha kiwanjani. Tena Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008. Ukifunga nguo zako ndani ya mifuko hiyo, utaifungua yote mbele ya watu, na mstari mzima utakungoja wewe.

Tatu, mstarini acha nafasi ya mkono mmoja kati yako na aliye mbele. Kumgusa mgongoni hakumsogezi. Shika karatasi za safari mkononi. Wakati wenzako wanakaguliwa, wewe toa mfukoni funguo, simu na sarafu, legeza mkanda. Usingoje kufika mezani ndipo uanze kutafuta.

Nne, mezani weka vitu vyako vyote ndani ya sahani ya plastiki, kisha ngoja. Usipite kwenye mlango wa mashine mpaka mlinzi akuite. Mtu mmoja, mara moja. Mlango ukilia, usikasirike wala usikimbie. Rudi, angalia umesahau nini mwilini.

Tano, uangalie mzigo wako ukiingia na ukitoka, kama unavyoangalia mkanda wa kubeba mawe kiwandani. Hakikisha ni wako kabla ya kuondoka. Funga kitambaa chenye rangi kwenye mkono wa sakoshi. Ningekuwa nimefanya hivyo, mgonjwa wangu hangeteseka. Ukikwisha kuchukua vitu vyako, sogea kando, uvae viatu na mkanda huko. Usivalie mbele ya mashine na kuziba njia.

Sita, usifanye mchezo wa maneno. Neno "bomu" ao "baruti" halichekeshi mahali pale. Sisi tunaofanya kazi na baruti tumezoea kuitaja kama mpishi anavyotaja chumvi. Walinzi hawajui kwamba unatania, na si kazi yao kubahatisha. Utatolewa mstarini, na ndege itaruka bila wewe.

Saba, anayeruka mstari usimpige wala kumtukana. Mwambie kwa utulivu: "Baba, mstari unaanzia kule." Akikataa, mwite mlinzi. Mapigano mstarini ni hatari kuliko mtu mmoja aliyetangulia.

6. VITU VYA MCHIMBAJI

Kabla ya kusafiri geuza mifuko yote ya koti, suruali na valizi. Valizi uliyowahi kuitumia kazini usiitumie safarini.

Detonatere, kile kiwashio kidogo cha baruti, pamoja na utambi na baruti yenyewe: visitoke mina hata kidogo. Kubeba kimoja kwa kusahau ni kosa kubwa, kwa kusudi ni jela. Tena kinaweza kukukata vidole kabla hujafika mstarini.

Zebaki, ile wachimba dhahabu wanaiita merkure: isipande ndege kamwe, hata kichupa kidogo kama kidole. Mwili wa ndege umetengenezwa zaidi kwa aluminiamu. Zebaki ikimwagika juu yake inaingia ndani ya chuma hicho na kukila polepole, mahali ambapo fundi hawezi kuona upesi. Na mvuke wake unaharibu ubongo na figo, na kumdhuru mtoto aliye tumboni. Usiiweke nyumbani, usimletee mtu zawadi.

Kabidi ya taa: ikipata maji inatoa gesi inayowaka. Isisafiri.

Batri za akiba za taa ya kichwani, zile za lithiamu, pamoja na batri ya kuchajia simu: zikae kwenye mzigo wa mkono, ncha zake zimefunikwa. Zisiende kwenye mzigo wa chini ya ndege, maana zikishika moto kule hakuna wa kuziona.

Kisu, bisibisi, spana: weka kwenye valizi inayokwenda chini. Mawe ya madini bila karatasi za serikali: usibebe.

Jambo moja zaidi. Mikono, buti na nguo za anayefanya kazi ya baruti hubaki na chembe zake, na mbwa ao mashine inaweza kuzigundua. Oga vizuri, vaa nguo ambazo hazijaingia mina. Ukiulizwa, sema kweli: "Chefu, mimi ni mfanyakazi wa mina, kazi yangu ni ya baruti." Onyesha karte ya kazi. Ukweli unaosemwa mapema hufupisha maneno.

7. WAGONJWA, MAMA WENYE MIMBA, WAZEE NA WATOTO

Hawa wanapishwa, lakini wasisukumwe mbele kama nilivyofanya mimi. Njia ni hii: kabla ya kuingia mstarini mwendee mlinzi na kumweleza. Kisha waambie watu: "Baba na mama, niko na mgonjwa, naomba mtupishe." Sijaona bado watu waliokataa neno hilo.

Dawa ya lazima, kama insulini, ibebwe mkononi na mgonjwa mwenyewe ao msindikizaji wake, pamoja na barua ya mganga. Isiwekwe kwenye mzigo wa chini, maana baridi ya huko inaweza kuigandisha na kuiharibu. Dawa ya maji inayozidi mililita 100 huweza kuruhusiwa mgonjwa akiihitaji safarini. Itoe mwenyewe na kuionyesha kabla hujaulizwa.

Mama wengi wananiuliza: "Ule mlango wa mashine hauwezi kumdhuru mtoto tumboni?" Hapana. Mlango wa kutafuta chuma si radio kama ile tunayopigwa kifuani tunapopimwa mapafu. Unatumia nguvu ndogo ya sumaku. Radio ni ya mizigo, na haiharibu chakula wala dawa zako. Lakini mtu aliyewekewa kifaa cha moyo amwambie mlinzi, aonyeshe karatasi yake, apite bila kusimama katikati ya mlango.

Mtoto afundishwe nyumbani kwamba atapita peke yake na mama atakuwa ng'ambo akimngoja. Mtoto aliyeambiwa mapema halii.

8. HOMA NA KIKOHOZI MSTARINI

Mstari wa watu wengi ni njia ya magonjwa pia. Tunakumbuka Ebola ya mwaka 2018 mpaka 2020, ambayo mwezi wa Agosti 2019 ilifika Mwenga. Kwenye mipaka na viwanja tulinawa mikono na kupimwa joto, mmoja mmoja. Tena mwishoni mwa mwaka 2023 aina mpya ya mpox ilianza kuonekana Kamituga, mji wa wachimba dhahabu kama sisi, na mwezi wa Agosti 2024 OMS ikatangaza kwamba ni hatari kwa mataifa yote.

Wako waliomeza paracetamol kabla ya kupimwa ili joto lishuke. Ndugu zangu, huko si kumdanganya mlinzi. Ni kumdanganya jirani aliyesimama mbele yako, na mtoto aliye mgongoni mwa mama yake. Mwenye homa, vipele vipya ao kutapika abaki, aje dispansari kwanza. Mwenye kifua kikuu asipande ndege mpaka mganga aseme kwamba haambukizi tena. Kwa kawaida inahitaji angalau wiki mbili za dawa, na zaidi ikiwa ni kile kisichosikia dawa. Kila mtu akohoe ndani ya kiwiko, si mgongoni mwa aliye mbele.

9. MASWALI YA JIONI

Baba ao mama awaulize watoto baada ya chakula:

Kwa nini bidoni hushika nafasi bombani, lakini valizi haishiki nafasi kwenye kiwanja cha ndege?

Mambo gani mawili yalikutana ndani ya ndege ya Bandundu?

Batri ya akiba ya taa inakaa wapi, na kwa nini?

Tukimsindikiza bibi mgonjwa, tutasema nini kwa mlinzi, na tutasema nini kwa watu wa mstarini?

Atakayejibu yote manne yuko tayari kwa safari. Mwenye swali lingine anione dispansari baada ya saa za wagonjwa. Lakini mkija, tafadhali, mjipange mstari.